Mwaka Niliokaa Nyumbani na Maganga

Simu iliita nikiwa ofisini hapa Musoma, baada ya chakula cha mchana, na aliyepiga alikuwa mwanamke nisiyemjua. "Shikamoo baba," alisema. "Naitwa Zainabu, mtoto wa mzee Maganga wa Sikonge, Tabora. Baba ametutoka juzi. Tumeshamzika." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kutoa habari hiyo kwa watu wengi mpaka machozi yamemwishia. Nikampa pole, nikamuuliza marehemu aliugua nini, akanieleza. Kisha akauliza, kwa adabu, kama anaweza kujua mimi ni nani. "Kwenye simu ya baba umeandikwa Bosi wa Turwa. Sisi tulikuwa tunajua ulikuwa bosi wake kule machimboni." Nadhani nilicheka, kwa sababu nakumbuka aliuliza kama mtandao unakatika. Nikamwambia hapana, mtandao uko sawa, ila mimi sijawahi kuwa bosi wa baba yake, wala sijawahi kuingia kwenye shimo la dhahabu. Tulikaa tu nyumba moja, mwaka fulani. "Alikuwa anakutaja sana," akasema. Tulipoagana nilirudishia mlango wa ofisi, nikakaa nikiangalia mikono yangu juu ya meza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikajiruhusu kuukumbuka mwaka ule wote, tangu mwanzo wake.

Siku hizi vijana wa hapa ofisini wanaomba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani, na kwa kuwa wanajua niliwahi kufanya hivyo kabla ya wengi, wananiuliza inakuwaje. Huwa nawaambia mambo ya kawaida: tafuta meza, usifanyie kazi kitandani, kunywa maji, inuka utembee, waambie watu wa nyumbani kwamba uko kazini. Wanaitikia kwa vichwa. Mimi mwenyewe nina kiti kinachozunguka, na dirisha linaloangalia ziwa, na mlango ninaoweza kuufunga bila kuulizwa na mtu. Lakini nikiwa nawaeleza vijana hawa, moyo wangu huwa uko kwenye chumba kimoja cha matofali ya kuchoma kule Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime, ambako sikuwa na kiti cha maana, na ambako ndiko niliwahi kufanya kazi kwa utulivu kuliko mahali pengine popote.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kunukuu sauti. Kampuni moja ndogo ya utafiti ilikuwa inarekodi mikutano na mahojiano vijijini, na mimi nasikiliza kwa hedifoni, naandika kila neno lililosemwa. Walipofunga tawi la Musoma, msimamizi wetu, dada Neema, ambaye alikuwa Arusha, alinipigia simu akasema naweza kubaki na ile kompyuta mpakato na kuendelea na kazi popote penye mtandao. Watanijaribu kwa mwaka mmoja, kisha wataona kama wanipe mkataba. Nilifurahi sana. Nikapanga chumba Turwa, kwenye nyumba ya mjane mmoja aliyeitwa Mama Bhoke, kwa sababu palikuwa kimya: nyuma ya nyumba yake ulikuwa mtaa mwembamba, halafu nyumba mbili tatu, halafu mihogo na mahindi mpaka macho yanapoishia. Nikajiona mtu mwenye bahati. Hakuna kuamka mapema kugombania usafiri, hakuna bosi wa kunichungulia begani.

Miezi ya mwanzo iliniharibu. Nilikuwa naamka, naivuta kompyuta kutoka chini ya mto, naanza kazi nikiwa bado na shuka kiunoni. Sinawi uso mpaka jua limekuwa kali. Nakula maandazi na chai ya rangi, mchana narudia maandazi yale yale yaliyobaki. Nikichoka naingia kwenye simu, na nikitoka kwenye simu siku imekwenda. Nyumba ilikuwa kimya, kweli, lakini watu wake walikuwa wananiona nipo, na mtu aliyepo anatumwa. Nilishikishwa watoto wa majirani, nilipelekwa kuangalia kwa nini redio ya fulani haisemi. Baba yangu mdogo, Mwita, alikuwa anakuja kwa pikipiki kutoka Itiryo kila anapohitaji mtu wa kumsaidia kuogesha ng'ombe, na anaanza kuniita akiwa barabarani, "Marwa, twende, si uko nyumbani tu." Nilishindwa kumweleza. Kwake yeye kazi ilikuwa ni kitu kinachomtoa mwanaume nje. Alhamisi, wanawake wa jumuiya walipokutana uani kwa Mama Bhoke kusali, nilikuwa nawasikia baada ya sala wakiongea Kikurya kwa sauti ya chini wakidhani siwasikii kwa kuwa nimevaa hedifoni. "Huyu mtoto ana ugonjwa gani?" mmoja aliuliza. "Mwanaume mzima hatoki." Mama Bhoke akajibu kwamba hajui, ila ninalipa kodi yangu na sina kelele.

Baadaye nikaumwa kweli. Mgongo ulianza, ukapanda shingoni, vidole vikawa vinakufa ganzi, na macho yakawa yanaona herufi zikiogelea. Asubuhi moja nilitoka kwenda kuchota maji uani, nikazinduka nikiwa nimelala chini, Mama Bhoke amenishika kichwa, ananimwagia maji usoni na kuniita jina. Muuguzi wa zahanati aliniuliza nakula nini, nalala saa ngapi, natembea wapi, na kila nilivyojibu ndivyo alivyozidi kunitazama kama mtu anayemdanganya. Wiki hiyo hiyo dada Neema akapiga simu. Hakugomba. Alisema tu kwamba maandishi yangu yana mapengo, kwamba kuna sehemu nzima ya mkutano niliiruka bila kujua, na kwamba kama mambo yataendelea hivyo hataweza kunitetea. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda baada ya simu ile. Nilijua nikirudishwa kijijini kwa aibu hiyo, hakuna atakayeamini kwamba niliwahi kuwa na kazi.

Maganga aliletwa majira ya mahindi mabichi, kwenye gari la mtu aliyemwonea huruma, mguu wa kushoto umefungwa hogo jeupe la plasta kutoka pajani mpaka kwenye kisigino. Alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Nyangoto. Jiwe lilikuwa limemwangukia akiwa anapanda kutoka shimoni, na hospitali ilimwambia akae karibu na mji ili waendelee kumwangalia. Alipanga chumba cha kuelekeana na changu. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mweusi, mwenye mabega mapana na sauti iliyozoea kupazwa kwenye mashimo, na kuanzia siku ya kwanza alikaa barazani kwenye kiti cha miguu mifupi, mguu wake ameunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimsalimia kila anayepita. Alijifunza haraka neno la watu wa kwetu la kumwita kijana. "Mura," aliniambia siku ya pili, "wewe nawe umevunjika wapi?" Nikamwambia sijavunjika, niko kazini. Hakucheka. Aliniomba nimwonyeshe. Nikampa hedifoni, akasikiliza wakulima wakibishana kuhusu mbegu, huku akinitazama ninavyoandika. Akazivua taratibu. "Hii ni kazi ngumu," alisema. "Sasa kwa nini unaifanya kama mgonjwa?"

Sijui kama alikuwa na mpango wowote. Nadhani alikuwa amechoka kukaa bure, na mimi nilikuwa kitu pekee cha kushughulikia kilichokuwa karibu. Alimtuma fundi seremala wa mtaa wa pili alete meza chakavu aliyokuwa ameiona, ikawekwa dirishani kwangu, kitanda kikasogezwa ukutani. Akaniambia nioge na kuvaa shati na viatu kabla ya kugusa kompyuta. Halafu akanitoa nje. "Mtu haendi kazini kwa kugeuka upande wa pili wa kitanda," alisema. "Nenda mpaka kwenye mihogo, urudi. Ukirudi umefika." Nilijisikia mjinga siku ile, nikitembea na shati la kola kwenda kuangalia mihogo ya watu. Niliporudi alikuwa amekaa wima barazani kama mlinzi wa geti. "Karibu kazini, bosi," akasema, akaninyooshea mkono niingie. Tulifanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na baada ya muda miguu yangu ikazoea, nikifika kwenye kizingiti kichwa kinakuwa tayari kimeingia kazini.

Baba mdogo alipokuja tena, mimi nilikuwa ndani na hedifoni kwenye sikio moja tu, kwa hiyo nilisikia yote. "Marwa yuko wapi?" "Yuko kazini, mzee. Shikamoo," Maganga akajibu. "Kazini wapi? Si ile miguu yake naiona chini ya meza?" "Hapo ndipo kazini kwake." Baba mdogo akasema ng'ombe wanasubiri. Maganga akamuuliza, kwa upole kabisa, kama akienda benki akamkuta kijana wa dirishani, anaweza kumwambia atoke akamsaidie kukamata ng'ombe. Nilishika kalamu, nikitegemea ugomvi, kwa sababu baba mdogo hakuwa mtu wa kuulizwa maswali na mgeni. Lakini alisema, "Huyu anatoka lini?" "Mchana anatoka kula." "Basi nitangoja." Akakaa chini barazani, na nikawasikia wakianza kuulizana habari za Tabora na bei ya ndama. Mchana tulikula wote watatu, ugali wa mtama na muhogo na mboga ya mgagani iliyolazwa kwenye maziwa, na baba mdogo alikuwa ananitazama mara kwa mara kama mtu anayepima kitu upya. Alipoondoka alisema atakuja siku za Jumamosi.

Chakula hicho cha mchana ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Mama Bhoke alikuwa amekubali kutupikia, na alikuwa anaandaa kwenye chumba chake cha mbele, chenye kochi lililofunikwa vitambaa vilivyofumwa na kalenda za miaka iliyopita ambazo hakutaka kuzitoa kwa sababu ya picha zake. Mlango ulikuwa unaachwa wazi, kuku wanaingia na kutoka. Maganga alikuwa anakaa kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, na mimi kwenye mkeka, na yeye Mama Bhoke anakaa mlangoni mwa jikoni akijifanya hali na sisi, ilhali bakuli lake liko nyuma ya kanga. Alikuwa amekatazwa kucheka na ujane wake, nadhani, kwa sababu kila alipocheka alikuwa anafunika mdomo na kutazama nje. Maganga alikuwa anamwiga dada Neema, ambaye hajawahi kumwona, akimgombeza mkulima wa kwenye rekodi aseme polepole ili Marwa aandike. Nilikuwa narudi mezani nikiwa mwepesi. Mchana wa jua kali ukifika, saa ambazo zamani nilikuwa nasinzia, alikuwa anagonga dirisha kwa fimbo, ananipitishia kikombe cha maji, na kuniambia niangalie mbali. Nilikuwa naangalia vilima mpaka herufi zinatulia machoni. Mapengo kwenye maandishi yangu yakapungua, kisha yakaisha. Dada Neema alipiga simu kuniuliza kama nimepata msaidizi. Wanawake wa Alhamisi nao walikuwa na neno jipya. "Mmoja amevunjika mguu," nilimsikia mmoja wao akisema. "Huyo mwingine alivunjika nini?" Mama Bhoke akawajibu kwa ukali kwamba wale ni wanaume wake wa ndani, wawaache.

Hogo lilipotolewa tulienda hospitali pamoja. Mguu ulikuwa umekuwa mwembamba kama wa mtoto, na daktari aliupapasa kwa muda mrefu, akatazama picha kwenye mwanga, akasema mfupa umeshika lakini haukunyooka. Atatembea, ila si kama zamani, na kazi ya kushuka mashimoni aisahau. Maganga alimshukuru daktari. Tulipofika nyumbani aliingia chumbani kwake akajifunika, na kesho yake kiti chake cha barazani kilikuwa kitupu. Nilivaa shati langu nikaenda mpaka kwenye mihogo, nikarudi, hakuna aliyenikaribisha. Niliingia lakini sikufanya kitu. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Mama Bhoke alimpelekea uji, akatoka nao. "Anasema alikuja huku kuwatafutia watoto wake," aliniambia. "Anauliza atarudi kwao na nini."

Mimi si mtu wa maneno, na sikuwa na la kumwambia mwanaume anayenizidi umri ambaye maisha yake yalikuwa yamebadilishwa na jiwe. Nilichofanya ni kuibeba ile meza. Niliitoa chumbani kwangu, nikavuka nayo ua, nikaiingiza kwake kwa shida kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba, nikaiweka kando ya kitanda chake. Nikarudi kuchukua kompyuta. Alikuwa ameelekea ukutani. "Unafanya nini, mura?" aliuliza bila kugeuka. Nikamwambia, "Nimehamishiwa tawi hili." Nikavaa hedifoni nikaanza kuandika. Nilifanya kazi pale mpaka mchana, nikala pale, nikaendelea. Siku kadhaa zilipita hivyo, yeye amelala, mimi naandika, na mara moja moja navisimamisha vidole nikisikiliza kama anapumua kwa usingizi au kwa kulia. Asubuhi moja niliacha kuandika kwa muda kutafuta neno, na sauti yake ikatoka chini ya shuka. "Usinyamaze. Vidole vyako vikilia najua siku inakwenda." Nikaendelea. Baadaye kidogo nikasikia kitanda kikilia. Alikuwa amekaa, ameshika goti kwa mikono miwili, anaukunja mguu na kuunyoosha kama walivyomwelekeza hospitali, uso umejaa jasho.

Kuanzia hapo jioni zikawa zake. Kazi ikiisha tunatoka, yeye na magongo mawili, baadaye gongo moja, baadaye mkono wake begani kwangu tu, tunaufuata ule mtaa mwembamba mpaka unapokuwa njia ya ng'ombe. Mgongo wangu ulipona kwenye njia ile bila mimi kutambua. Alikuwa ananiambia habari za Sikonge, mizinga ya nyuki ya baba yake iliyoning'inia kwenye miti ya miombo, mkewe aliyekuwa akimpigia simu na kukosa la kusema. Mimi nilikuwa namwambia mambo niliyoyasikia siku hiyo kwenye rekodi, bila majina. Siku hizi nikitembea kwa ushauri wa daktari, nina viatu vya kazi hiyo na saa inayonipongeza mkononi, na mara kadhaa nimejikuta nimepunguza mwendo bila sababu, bega la kulia nimelishusha kidogo.

Mkataba wangu ulikuja mwisho wa mwaka. Nilidhani tutasherehekea, na tulisherehekea, Mama Bhoke alichinja jogoo. Lakini tulipokuwa tunakula Maganga alisema kwamba na yeye amepata barua yake. Hakuwa na barua yoyote. Alimaanisha mkewe amemwambia arudi nyumbani alivyo. "Mizinga ya mzee bado ipo," alisema. "Nyuki hawahitaji mtu wa kukimbia." Nilijua ni jambo jema. Nilimwambia ni jambo jema. Nikanywa maji.

Aliondoka siku ya kazi. Niliamka mapema nikavaa ili nimsindikize stendi, akanikuta uani nimeshika begi lake, akalichukua. "Leo Jumatano," alisema. "Watu wako kazini." Nikadhani ni utani. Akanitazama mpaka nikaelewa kwamba hawezi kuagana na mtu stendi, mbele ya makondakta, na kwamba ananiomba nisimfanyie hivyo. Nikaenda kwenye mihogo peke yangu. Niliporudi alikuwa bado barazani, amesimama, begi begani. "Karibu kazini, bosi," akasema. Nikaingia, nikakaa, nikafungua kompyuta. Nilimsikia akiagana na Mama Bhoke, nikasikia mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi ikishuka mtaani. Niliandika mpaka mchana. Nilikuja kuyasoma maandishi ya siku ile na hayakuwa na kosa hata moja.

Tulipigiana simu kwa miaka, kisha mara chache, kisha sikukuu tu, kama inavyokuwa. Nilibaki Turwa mwaka mwingine na sehemu ya mwingine. Nilikuwa na nidhamu yangu sasa, niliweza, ila niliona kuwa kuweza si sawa na kufurahia. Kampuni ilipofungua tena ofisi Musoma nilikuwa wa kwanza kuomba.

Jumamosi baada ya simu ya Zainabu nilipanda gari kwenda Tarime. Turwa imejaa nyumba. Mihogo imesogezwa mbali. Mama Bhoke amezeeka, macho yake yana ukungu, lakini alinijua kwa sauti. Nilimwamkia, nikakaa kwenye lile kochi, nikamwambia kwamba Maganga amefariki. "Yule wa mguu," alisema. Nikaitikia. Hakulia. Aliinuka polepole, akaenda jikoni, nikamsikia akiwasha moto ingawa mjukuu wake alikuwapo na angeweza kutumwa. Nilitaka kumzuia, nikaacha. Aliporudi alibeba sinia mwenyewe, akaliweka mbele yangu, na safari hii alikaa karibu yangu, akamega pamoja nami bila kuficha.

"Ninyi mliondoka, mmoja na baadaye mwingine," alisema. "Watu walidhani nitapumzika. Mimi nilikuwa nasonga ugali wa watu watatu. Naweka mezani, nakaa, nangoja mlango wako ufunguke mchana. Halafu ndio nakumbuka." Alinawa mikono taratibu. "Ilinichukua muda mrefu sana, mwanangu, kujifunza kupika kidogo."